Jina la mlangoni ni lao, mashine ya kadi ni yenu

"Mtaalamu, habari za kazi. Familia yetu ina hoteli ya vyumba 58 Arusha. Mwaka juzi tuliingia mkataba wa franchaizi na kampuni ya nje: tunatumia jina lao na mfumo wao wa kupokea oda za vyumba, nao tunawalipa asilimia ya mapato. Mwezi uliopita benki imekata dola 4,300 kwenye akaunti yetu ikisema wenye kadi wamekana malipo ya oda mbili zilizoletwa na wakala mmoja wa safari kwa barua pepe. Wageni walikuja, walilala, walikula, wakaondoka. Mashine ilikubali malipo yote na risiti tunazo. Wiki hiyohiyo wenye jina wametuandikia wakitaka tuthibitishe kwamba tunafuata PCI DSS, kanuni za usalama wa kadi, la sivyo tutahesabiwa tumevunja mkataba. Meneja anasema hilo ni jukumu lao kwa sababu mfumo ni wao. Mdogo wangu anataka tumkate mshahara dada wa mapokezi aliyeingiza kadi hizo. Naomba unieleze: jukumu la kuzuia wizi wa kadi ni la nani hasa, letu, la wenye jina au la benki? Na tuanzie wapi?"

Pole kwa hasara hiyo, ndugu yangu. Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo yamechanganyika kwa sababu yalifika wiki moja. Dola 4,300 zilizokatwa ni utapeli mliofanyiwa ninyi: mtu amelipia vyumba vyenu kwa kadi za watu wengine. Barua ya wenye jina inahusu wizi wa aina nyingine, ule ambao mgeni anakuja na kadi yake halali, analipa, anarudi kwao, kisha kadi ile inaanza kununua vitu katika nchi asiyowahi kufika, kwa sababu namba yake iliibwa hotelini kwenu. Katika la kwanza ninyi ndio mnaoibiwa. Katika la pili mwizi amepitia kwenu. Yote mawili yanategemea kitu kimoja: namna namba ya kadi inavyoingia hotelini, na muda inaokaa humo.

Kuhusu jukumu, ni lenu kwanza. Wenye jina na benki wana wajibu wao, na nitaueleza, lakini katika biashara ya kadi anayeulizwa ni yule aliyesaini na benki mkataba wa kupokea kadi, ambaye fedha zinaingia kwenye akaunti yake. Chukueni risiti moja ya mashine yenu muitazame. Juu huenda limechapwa jina la chapa. Chini yake kuna namba ya mfanyabiashara, na namba hiyo benki imeiandikisha kwa kampuni ya familia yenu. Visa na Mastercard haziwajui wenye jina katika malipo hayo. Zinaijua benki yenu, na benki inawajua ninyi. Ndiyo maana pesa zilikatwa kwenye akaunti yenu bila mtu kupiga simu kwa wenye jina kuomba ruhusa.

Sasa hili la "mashine ilikubali". Wenye hoteli wengi huniambia hivyo, na wengi hushangaa nikiwaambia kwamba halina uzito wanaoudhani. Mashine ikikubali, maana yake benki iliyotoa kadi imesema kadi haijafungwa na fedha zipo. Basi. Haijasema kwamba aliyetoa namba ndiye mwenye kadi, na haina namna ya kujua hilo. Mhudumu wenu alipoandika kwa mkono kwenye mashine tarakimu za mbele, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma, benki ya kule Ulaya au Marekani iliona namba sahihi ikitoka kwa mfanyabiashara halali. Mwenye kadi wakati huo huenda alikuwa kazini kwake, hajui hata Arusha iko wapi.

Kadi inapochomekwa kwenye mashine mambo ni tofauti. Chip inatengeneza msimbo mpya kwa ajili ya muamala huo mmoja tu. Hata akiunakili mtu, hautamfaa kwa muamala mwingine. Mgeni akiweka na namba yake ya siri, mmethibitisha mambo mawili kwa pamoja: kadi yenyewe ilikuwepo, na aliyeishika anaijua siri yake. Muamala wa namna hiyo ukikanwa kwa madai kwamba ni wa wizi, kwa kanuni za kadi hasara kwa kawaida hubaki kwa benki iliyotoa kadi. Namba iliyoandikwa kwa mkono, iliyosomwa kwenye simu au iliyotumwa kwa barua pepe, hasara yake ni ya mfanyabiashara. Marekani walichelewa sana kwenye hili. Ni kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 ndipo hasara ya kadi bandia ilipohamia kwa mfanyabiashara asiyekuwa na mashine ya kusoma chip, na kabla ya hapo hoteli za kule ziliendelea kupitisha ukanda mweusi wa nyuma ya kadi. Nalitaja kwa sababu taratibu nyingi za mapokezi ambazo wenye majina makubwa wanaleta huku zilitungwa katika mazingira yale.

Mwenye kadi akiona malipo asiyoyajua analalamika kwa benki yake. Benki yake inaidai benki yenu kupitia Visa au Mastercard, na benki yenu inakata kwenu. Ndiyo chajibaki. Kwa madai mengi muda wa kulalamika unafika siku 120, kwa hiyo pesa mlizozihesabu kuwa zenu Februari zinaweza kuondoka Mei, wakati chumba kimeshalaliwa na nyama imeshaliwa.

Utauliza: kama kadi ilikuwa ya wizi, wale wageni waliolala ni akina nani? Mara nyingi ni watu wasio na hatia kabisa. Tapeli anajifanya wakala, anawauzia watalii safari kwa bei ya kuvutia, wanamlipa kwa njia ambayo pesa hairudi. Kisha anachukua namba za kadi alizonunua kwa wezi wa mtandaoni na kulipia vyumba kwenu. Watalii wanafika na vocha, wanatabasamu, wanapiga picha za Mlima Meru, wanaondoka. Mtalii hakuibiwa usingizi wake, tapeli ana pesa taslimu, mwenye kadi anarudishiwa zake. Anayebaki na pengo ni hoteli.

Je, dola zenu zitarudi? Sitakupa matumaini ambayo sina. Mna haki ya kupinga, lakini muda ni mfupi na benki yenu ndiyo inayoupanga, kwa hiyo ulizeni leo, si wiki ijayo. Kama wageni wale walipofika kadi ileile ilichomekwa kwenye mashine hata mara moja, kwa dhamana au kwa chakula, tafuteni kumbukumbu hiyo. Ndiyo yenye nguvu. Risiti ya namba iliyoandikwa kwa mkono, pamoja na fomu ya usajili yenye sahihi ya mgeni ambaye siye mwenye kadi, haitawafikisha mbali. Inathibitisha kwamba mtu alilala. Haithibitishi kwamba mwenye kadi aliridhia kulipa.

Kuanzia sasa, oda ya kadi inayoletwa na mtu wa tatu isilipwe kwa kuandika namba. Mpeni kiungo cha malipo kutoka benki yenu, ambacho kinampeleka mwenye kadi kwenye ukurasa ambapo benki yake mwenyewe inamtaka athibitishe, kwa msimbo wa simu au ndani ya programu ya benki. Malipo yaliyothibitishwa hivyo yakikanwa kwa madai ya wizi, hasara kwa kawaida inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Wakala wa kweli atalalamika kidogo kisha atalipa. Tapeli ataleta hadithi: mteja yuko ndani ya ndege, mteja ni mzee, kadi ni ya kampuni. Zipo dalili nyingine ambazo dada wa mapokezi anaweza kufundishwa kwa nusu saa. Kadi inakataliwa, papo hapo analeta ya pili yenye jina jingine. Hajali bei wala aina ya chumba. Na ile mbaya kuliko zote: anaomba mkate zaidi ya gharama, halafu ziada mumtumie "dereva" kwa simu. Hapo mnaibiwa mara mbili, kwa sababu chajibaki itakuja kwa kiasi chote. Pesa iliyotoka kwenye kadi hurudi kwenye kadi ileile tu, hata akilia. Kama wakala anadai yuko Tanzania, ana leseni ya utalii, ile watu wa Arusha wanayoiita TALA, na kama ni mwanachama wa TATO, chama cha makampuni ya utalii, mnaweza kuwauliza TATO wenyewe. Simu moja tu.

Kwa mgeni anayekuja mwenyewe, achomeke kadi anapoingia, hata kama namba yake mnayo tangu alipoagiza chumba. Zuio la awali, yaani pesa mlizozishikilia kwenye kadi kama dhamana, mlilofanya kwa namba lifuteni, mfanye jipya kwa chip. Ni dakika moja ya kazi na inabadilisha nani atabeba hasara.

Sasa nije kwenye barua ya wenye jina. Meneja wako anaona wanawasukumia mzigo wao. Mimi naona wana sababu, na imeandikwa kwenye mafaili ya mahakama. Kati ya mwaka 2008 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya hoteli ya Wyndham ya Marekani ilivunjiwa mifumo yake mara 3. Mara ya kwanza, Aprili 2008, wezi waliingia kupitia mtandao wa hoteli moja tu huko Phoenix, Arizona. Kutoka pale wakabahatisha maneno ya siri mpaka wakaipata akaunti ya msimamizi, wakafika kwenye mfumo wa kampuni mama, wakateremka hadi kwenye hoteli nyingine nyingi. Serikali, kupitia tume yake ya biashara, FTC, ilidai kwamba kadi zaidi ya 619,000 ziliguswa kwa jumla na kwamba wizi uliotokana nazo ulizidi dola milioni 10.6. Katika hati ya mashtaka kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye hoteli alijue: mfumo mmoja uliotengenezwa na kampuni ya Micros ulikuwa ukifunguliwa kwa jina "micros" na neno la siri "micros". 

Wyndham ilibishana mahakamani kwamba tume haina mamlaka hayo. Agosti 2015 mahakama ya rufaa ikaikatalia, na Desemba mwaka huo wakaafikiana kwa amri ya miaka 20. Ndani ya amri ile kuna sharti linalowahusu watu kama ninyi moja kwa moja: ukaguzi wa kila mwaka uthibitishe kwamba mitandao ya hoteli za franchaizi inachukuliwa kuwa isiyoaminika. Mtu anaweza kuona ni tusi. Mimi naona ni busara, na inatakiwa iende pande zote mbili: wao wasiamini mtandao wenu, nanyi msiamini kwamba kila kinachotoka kwao ni salama kwa sababu kina nembo yao.

Kisa cha pili kinatoa dawa. Mwaka 2017 kampuni ya IHG, wenye Holiday Inn na Crowne Plaza, ilitangaza kwamba programu ya wizi ilipandikizwa kwenye kompyuta za mapokezi za hoteli za franchaizi kati ya Septemba 29 na Desemba 29, 2016. Orodha ilifikia hoteli zipatazo 1,200, karibu zote za Marekani. Programu ile ilikuwa inasubiri namba ya kadi ipite ndani ya kompyuta kutoka kwenye kisomea kadi, inainakili. Lakini hoteli ambazo zilikuwa zimeshafunga mfumo mpya wa malipo wa kampuni kabla ya tarehe ile hazikuguswa. Katika mfumo ule namba inasimbwa ndani ya mashine yenyewe ya kadi, kabla haijagusa kompyuta. Mwizi aliyekaa ndani ya kompyuta angeona maandishi yasiyosomeka. Jina lilikuwa lilelile na kampuni ileile. Tofauti ilikuwa uamuzi wa mwenye hoteli: alifunga mapema au aliahirisha.

Hapo ndipo mgawanyo wa majukumu unapoonekana vizuri. Mfumo wao wa kati wa oda ukivunjwa, hilo ni lao. Mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa iliitoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4 kwa sababu ya kuvunjwa kwa kanzidata ya Starwood, kampuni ya hoteli waliyoinunua. Wenye jina wana wajibu wa kuwapa mfumo salama, kuwaambia unapotakiwa kuboreshwa, na kuwaonyesha kwa maandishi wapi kazi yao inaishia na yenu inaanzia. Lakini kompyuta ya mapokezi, waya unaoiunganisha na Wi-Fi, neno la siri lililobandikwa kwenye skrini, fundi anayeingia kwa mbali kurekebisha printa, na karatasi zilizo chini ya kaunta ni vyenu. Hakuna mwenye jina aliyeko London au Atlanta anayeweza kuvifunga kwa niaba yenu.

PCI DSS wanayoitaja ni kanuni za usalama zilizotungwa na baraza la kampuni za kadi. Zina masharti makuu 12, na toleo linalotumika sasa ni la nne; masharti yake yaliyokuwa yameahirishwa yakawa ya lazima tarehe 31 Machi 2025. Si sheria ya bunge. Zinawabana kwa sababu mlizisaini ndani ya mkataba wa benki, na kwa hakika zimo tena ndani ya mkataba wa franchaizi. Hoteli ya ukubwa wenu kwa kawaida hujaza fomu ya kujitathmini kila mwaka na kuipeleka benki. Fomu ziko za aina kadhaa, na hapa ndipo watu wanajiumiza bila kujua: mkiwa mnahifadhi namba za kadi kwenye kompyuta, simu au mfumo wowote, mnaangukia kwenye fomu D, ndefu kuliko zote. Mkiwa na mashine inayosimba yenyewe, na hakuna namba inayokaa hotelini, fomu ni fupi sana. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua programu ya ulinzi. Ni kuondoa namba.

Fanyeni hivi kesho asubuhi. Wewe mwenyewe, si meneja, simama nyuma ya kaunta ya mapokezi. Vuta droo. Utakuta fomu za usajili zenye nakala ya kadi mbele na nyuma, zimebanwa pamoja na nakala ya pasipoti. Fungua boksi faili la oda za mawakala. Utakuta barua pepe zilizochapwa zenye namba nzima na zile tarakimu 3. Tazama daftari la zamu: kuna mtu ameandika "chumba 214, kadi hii ndiyo alipie na kaka yake" na namba kamili chini. Chukua simu ya hoteli, ingia WhatsApp, tafuta picha. Wageni wengi wameombwa, tena kwa adabu sana, "tutumie picha ya kadi pande zote mbili". Picha hizo ziko kwenye simu hiyo, kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, na pengine kwenye simu binafsi ya mhudumu aliyeacha kazi mwaka jana. Mtu mwenye dakika 5 na droo ile hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Zile tarakimu 3 za nyuma haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa, hata mgeni akikubali. Hapo hakuna mjadala. Namba ndefu, kama kuna sababu ya kweli ya kuitunza, ifanywe isisomeke, na anayeiangalia asione zaidi ya tarakimu za mwanzo zinazotambulisha benki na 4 za mwisho. Kwa hoteli yenu sioni sababu hiyo. Karatasi zichaneni kwa mashine ya kuchania au zichomeni mkiwapo, na picha zifuteni. Isipokuwa zile za oda mbili zenye mgogoro: hizo zifungieni kwenye sefu, zile tarakimu 3 zikiwa zimefutwa, hadi benki na polisi wamalize.

Kila mashine ya kadi iandikwe namba yake ya utambulisho kwenye daftari, na mtu wa zamu aitazame: je, namba ni ileile, kuna kitu kimeongezwa kwenye tundu la kadi, waya haujabadilika? Akija mtu anajiita fundi wa benki kubadilisha mashine bila taarifa, asubiri nje hadi mpige namba ya benki mnayoijua ninyi, si anayowapa yeye. Wi-Fi ya wageni isikutane kabisa na mtandao wa mapokezi. Kila mhudumu awe na jina lake la kuingilia, na siku anayoacha kazi lifungwe siku hiyo.

Wizi ninaouhofia zaidi kwenu sasa hivi, lakini, haupitii kwenye mashine. Tangu 2023 hoteli za nchi nyingi zimekuwa zikiibiwa akaunti zao za Booking.com na nyingine kama hizo. Inaanza na barua pepe kwa mapokezi: mgeni analalamika kwamba mtoto wake aliumizwa na chakula, au anauliza kama mmeokota pasipoti yake, bofya uone picha. Ukurasa unafunguka, unasema thibitisha kwamba wewe si roboti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, bandika, kisha Enter. Mhudumu anayetaka kumsaidia mgeni anatii. Kwa vitufe hivyo ameiamuru kompyuta yake mwenyewe ipakue programu inayokomba maneno ya siri. Baada ya saa chache wageni wenu wanapata ujumbe ndani ya mazungumzo halali ya hoteli, wenye jina lao na tarehe zao sahihi: kadi yako ina tatizo, ithibitishe hapa au chumba kitafutwa. Wanalipa kwa mwizi. Wakifika kwenu wanasema hoteli imewaibia, na huwezi kuwalaumu. Dawa yake ni uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti ya oda, kompyuta ya mapokezi isiyoruhusu mhudumu kufunga programu, na kauli moja ya kuwafundisha wote: hakuna tovuti ya kweli inayomtaka mtu abandike kitu kwenye kisanduku cha amri.

Kuhusu gharama, kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni mashine zilizounganishwa na mfumo wa hoteli na zinazosimba zenyewe, ambapo mfumo unabaki na alama mbadala badala ya namba. Ndiyo bora, na wenye jina huenda wana muuzaji wao wa lazima; shida ni ada ya kila mwezi na kwamba si kila benki ya hapa inaiunga mkono, kwa hiyo waulizeni benki kabla hamjasaini chochote. Ya pili ni mashine za kawaida za benki zinazojitegemea, hazigusi kompyuta kabisa, pamoja na viungo vya malipo kwa oda za mbali. Ni rahisi, inafaa hoteli ya vyumba 58, ila mhudumu ataingiza kiasi kwa mkono kwenye mfumo na makosa ya hesabu yatakuwepo. Kama pesa ni ngumu mwaka huu, ningeanza na ya pili bila kuona haya.

Mkataba wa franchaizi upelekeni kwa wakili, na mwambieni asome mambo manne kwa makini: kifungu cha fidia, yaani nani anamlipa nani mfumo ukivunjwa kwenu; muda wa kuwataarifu wenye jina; haki yao ya kuwakagua na nani analipia ukaguzi; na bima wanayowataka mwe nayo. Bima ya moto na wizi wa kawaida mara nyingi haigusi jambo hili. Pia tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hoteli inayokusanya pasipoti, simu na kadi za watu inatakiwa ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa za wageni kwenye mfumo wa nje kuna masharti yake. Wakili asiyeijua sheria hiyo, tafuteni mwingine.

Barua ya wenye jina ijibuni ndani ya muda waliowapa, hata kama hamjakamilisha. Waandikieni mlipo, mnachofanya na tarehe mtakayomaliza. Msitie sahihi kwamba mnafuata kila kitu wakati droo imejaa namba. Sahihi hiyo ndiyo itakayotolewa mezani siku mambo yakiharibika.

Iko siku ya kuacha kusoma majibu kama haya na kumwita mtu aje. Benki ikiwaambia kwamba kadi nyingi zilizoibwa zote zilipita hotelini kwenu, au wageni wawili watatu wakilalamika juma moja, msizime kompyuta na msiruhusu fundi "aisafishe". Chomoeni waya wa mtandao, iacheni ikiwaka, andikeni saa na nani alikuwepo. Ipigieni benki, wenye jina, wakili na bima siku hiyohiyo, na polisi wa makosa ya mtandao. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipewe taarifa. Hoteli ya Kenya ijue kwamba kwa kamishna wao wa ulinzi wa taarifa sheria inasema ndani ya saa 72. Benki inaweza kudai mchunguzi aliyeidhinishwa na baraza la PCI, na gharama yake ni kubwa na ni yenu. Fundi wa mtaani akishafuta kompyuta, mchunguzi huyo atalipwa ileile bila kuwa na kitu cha kuchunguza.

Nimemwacha dada wa mapokezi mwisho makusudi, kwa sababu nimetaka usome kwanza yote aliyotakiwa kuyajua na ambayo hakuna aliyemwambia. Aliandika namba kwa sababu ndivyo hoteli ilivyomfundisha, na kwa sababu mashine mliyompa inaruhusu. Msimkate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kufyeka mshahara kwa hasara bila kosa la mfanyakazi kuthibitika, bila maandishi na bila yeye kupewa nafasi ya kujieleza, na sioni kosa lake hapa. Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Mtu wa kwanza kuona barua pepe ya ajabu, mashine iliyolegea au wakala mwenye kadi tano ni yeye. Mkimkata, siku nyingine akikosea atanyamaza, na wenzake watanyamaza naye. Muulizeni alichokiona kwenye oda zile mbili, aandike kwa maneno yake, kisha iombeni benki ifunge uwezo wa kuandika namba kwa mkono kwenye mashine za mapokezi, ubaki kwenye moja tu iliyo ofisini kwa mhasibu.